Sura ya 5: Je, Uchafu Humjengea Mtoto Kinga?

Siku ya kliniki ya watoto, benchi za kituo cha afya Dandora hujaa kabla jua halijakolea, na mazungumzo huwa yale yale. Mama mmoja atasema, "Watoto wa huku wamezoea. Embe likianguka kwa matope analipangusa kwa shati, anakula, na humsikii akilia tumbo." Wa pili, aliyekesha akisikiliza mtoto wake akikohoa, atamgeukia muuguzi: "Sista, kama kweli wamezoea, mbona huyu wangu kifua hakiishi?"

Sura hii ni ya kumjibu mama wa pili, lakini hatuwezi kumjibu bila kumsikiliza wa kwanza, kwa sababu yeye pia ameona jambo la kweli. Mtoto anayekulia karibu na udongo, kuku na watoto wenzake hupata somo ambalo mtoto wa kufungiwa ndani hulikosa. Tatizo ni kwamba Dandora kuna uchafu wa namna mbili, nasi tumezoea kuuita kwa jina moja. Kuna ulio hai: vijidudu vya udongoni, vya wanyama na vya watu. Na kuna usio na uhai: moshi wa plastiki, majivu ya nyaya, vumbi la betri. Ule wa kwanza mwili unaweza kujifunza kuishi nao, kwa kiasi na kwa masharti. Huu wa pili hauzoeleki, hata ukae nao miaka 40.

Kinga si kitu kimoja

Tunaizungumzia kinga kana kwamba ina kipimo cha juu na chini: ya huyu imepanda, ya yule imeshuka, basi achemshiwe limau, tangawizi na kitunguu saumu. Wakati wa Korona masufuria ya dawa hiyo yalichemka karibu kila ploti. Mchanganyiko ule hauna ubaya; unalainisha koo na unamfanya mgonjwa anywe maji. Ila hakuna kitu kimoja mwilini kiitwacho kinga ambacho limau linaweza kukipandisha. Na hata kingekuwapo, si vyema kila mara kikawa juu. Mwenye pumu ana kinga inayofanya kazi kupita kiasi. Mwenye lupasi, ugonjwa tutakaoufikia mbele, vilevile. Kinga njema ni ile inayojua kutambua: hiki ni changu, hiki ni kigeni lakini hakina neno, hiki ni adui.

Kazi hiyo inaanzia nje. Ngozi nzima isiyo na jeraha hupitisha vijidudu vichache sana. Ndani ya pua na kwenye njia za hewa kuna kamasi inayonasa vumbi, na chini yake kuna vinyweleo vidogo mno, viitwavyo silia, vinavyoisukuma kamasi hiyo kuelekea kooni bila kukoma, mchana na usiku. Tumboni kuna asidi kali inayoua vingi kati ya vile tunavyomeza.

Kijidudu kikipenya hapo, kinakutana na kinga ya kuzaliwa nayo. Hizi ni seli nyeupe za damu zinazowahi mahali palipovamiwa na kumeza kila kisicho cha mwili, bila kujali jina lake. Usaha unaouona kwenye jipu ni mabaki yao, seli zilizokufa kazini pamoja na vijidudu vilivyouawa. Homa nayo ni kazi yao. Ni mwili wenyewe unaopandisha joto, kwa kuwa vijidudu vingi havistawi katika joto hilo na seli nyeupe huenda mbio zaidi.

Nyuma yao kuna kinga ya kujifunza, na hii ndiyo itakayotushughulisha zaidi. Ina seli za aina mbili kuu. Seli B hutengeneza kingamwili, yaani chembe za protini zinazoshikamana na adui mmoja mahususi na kumzuia asiingie ndani ya seli zetu. Seli T zina kazi zaidi ya moja: zingine huua seli zilizokwisha kuambukizwa, zingine huongoza na kuamuru, na zingine hutuliza vita vikiisha. Zote huzaliwa katika uboho, ule ute laini ulio ndani ya mifupa, lakini seli T huenda kukomaa katika tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Tezi hiyo huwa kubwa utotoni na hunywea kadiri mtu anavyozeeka. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Kinga ya kujifunza ni nzito kuanza. Inapokutana na adui kwa mara ya kwanza huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, kabla ya kushika kasi. Ndipo mtoki huvimba kwenye kinena au kwapani, kwa sababu seli zinazomjua adui huyo zinazaana humo kwa wingi. Baadaye nyingi hufa, na chache hubaki miaka mingi zikiwa na kumbukumbu yake. Akirudi, hapewi nafasi.

Kovu la mkono wa kushoto

Ukitaka kuiona kinga ya kujifunza kwa macho, mfunue mtoto mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Hapo ndipo Kenya tunapodunga BCG, chanjo ya kifua kikuu, mara mtoto azaliwapo. Chanjo hii ilitengenezwa Ufaransa na Albert Calmette na Camille Guérin, ikatumika kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1921. Ndani yake mna bakteria walio hai, ndugu wa wale wa kifua kikuu, waliodhoofishwa kiasi cha kutoweza kumdhuru mtoto mwenye afya.

Siku ya kudungwa huinuka kipele kidogo kinachotoweka upesi. Kisha hakuna kitu kwa wiki mbili, tatu, hata zaidi, na wazazi husahau. Halafu pale pale panavimba, panakuwa pekundu, panatunga usaha, panapasuka, panakauka. Hapo ndipo wengine hukimbilia spiriti, majivu au dawa ya meno. Usipake kitu. Muda ule wa kimya ulikuwa muda wa kusoma: seli zilibeba vipande vya bakteria hadi kwenye tezi za kwapani, seli T zinazovitambua zikapatikana, zikazaana, zikarudi mkononi kumaliza kazi. Kovu linalobaki ni alama ya vita hivyo.

Kwa nini basi surua isubiri miezi 9, wakati chanjo zingine nyingi huanza wiki ya 6? Kwa sababu mtoto huzaliwa amebeba kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo la nyuma. Hizo humlinda miezi ya mwanzo, lakini pia huizima chanjo ya surua kabla haijamfundisha kitu. Inabidi zipungue kwanza. Ya pili hudungwa akiwa na miezi 18, na hii ndiyo wazazi wengi huiacha, mtoto akiwa keshaanza kukimbia na kitabu cha kliniki kimewekwa chini ya godoro. Kitoe.

*Kwa ufupi hadi hapa:* kinga ina ukuta wa nje, ina seli zinazomeza kila kigeni, na ina seli zinazojifunza adui mmoja mmoja na kumkumbuka. Chanjo hufanya kazi na zile za mwisho.

Nani humsomesha mtoto?

Mtoto anapopita katika njia ya uzazi hupakwa vijidudu vya mama. Anaponyonya dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za mwanzo, anapewa kingamwili zinazotandaza ulinzi kwenye utumbo wake. Kuna koo ambazo bado huyakamua na kuyamwaga kwa kudhani yameoza. Ni hasara ambayo hakuna kopo la maziwa linaloweza kuifidia.

Kisha unakuja udongo, na hapa ndipo mama wa kwanza ana hoja. Mwaka 1989 daktari Mwingereza David Strachan alichunguza rekodi za watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa Uingereza mwaka 1958. Aliona kwamba waliokuwa na kaka na dada wengi wakubwa walipata mafua ya mzio kwa uchache. Mzio ni hali ya kinga kushambulia kitu kisicho na madhara, kama vumbi, chavua ya maua au karanga. Strachan alidhani kwamba kuambukizana ambukizana kwa watoto wa nyumba moja ndiko kulikowalinda.

Ushahidi wa karibu nasi zaidi umetoka Uganda. Huko Entebbe, wanawake wajawazito 2,507 walishiriki utafiti wa dawa za minyoo. Baadhi walipewa albendazole, wengine vidonge visivyo na dawa. Watoto walipozaliwa, wale ambao mama zao walimeza dawa walipata ukurutu zaidi. Daktari Harriet Mpairwe, aliyekuwa miongoni mwa watafiti hao, baadaye aliwafuata watoto wa shule wilayani Wakiso. Huko ilionekana kuwa waliozaliwa mjini walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuwa na pumu kuliko waliozaliwa kijijini.

Maelezo yake yako katika zile seli T za kutuliza vita. Chukua mlango wa korti moja hapa Dandora, wenye vijana wanaolinda. Mlinzi aliyeanza kazi jana humshuku kila mtu, hata shosho wa nyumba namba nne. Aliyekaa miaka anajua nani mpangaji, nani mgeni wa mpangaji, nani wa kusimamishwa. Seli za kutuliza ndizo zenye ujuzi huo, na kukutana na vijidudu vingi visivyo na madhara tangu utotoni kunaonekana kuzikomaza. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambulisha mwaka 1995. Mwaka 2025 yeye pamoja na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell, waliohusika kugundua jeni linaloziendesha, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mtoto anayezaliwa na hitilafu katika jeni hilo hushambuliwa na mwili wake mwenyewe tangu uchanga: utumbo, ngozi, kongosho.

Sasa tusiteleze. Hakuna katika haya yote kinachosema tuache kunawa mikono au tuwaache watoto na minyoo. Minyoo ya safura hunyonya damu, na mtoto asiye na damu hasomi wala hakui. Maji yaliyochanganyika na kinyesi huleta kipindupindu na homa ya matumbo, na mwanafunzi anayekufa hajifunzi lolote. Somo linalofaa hutoka kwa vijidudu vya maziwa ya mama, vya chakula, vya mifugo na vya udongo wa shamba. Choo kilichofurika hakimo. Sabuni baada ya choo na kabla ya kula haimnyimi mtoto chochote anachokihitaji.

Kinga inapopungukiwa

Sababu kubwa ya kinga dhaifu kwa watoto duniani ni njaa, na inasemwa kidogo sana. Mtoto akikonda kupita kiasi, ile tezi ya thaimasi hunywea kabla ya wakati wake na seli T hupungua. Ndiyo maana muuguzi humzungushia mtoto utepe wa rangi kwenye mkono wa juu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na kwa mtoto huyo kuhara kwa siku mbili kunaweza kuwa msiba. Fedha zinazonunua chupa ya "kuongeza kinga" dukani zingenunua omena, ndengu na mayai ya wiki nzima. Vitamini A hutolewa kliniki kila miezi 6 kuanzia mtoto akiwa na miezi 6, kwa kuwa inaimarisha ule ukuta wa ndani wa pua, mapafu na utumbo.

Surua nayo hupunguza kinga kwa njia ya ajabu: hufuta kumbukumbu. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi iliyopima damu ya watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa, kabla na baada ya surua. Walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Mtoto alipona surua, lakini alianza upya kuyajifunza magonjwa aliyokwisha kuyashinda.

Na kuna VVU. Virusi hivi vinachagua seli T zile zinazoongoza na kuamuru, ziitwazo CD4. Zikishuka chini ya 200 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu, magonjwa ambayo mwili mzima huyapita bila kuyatambua yanamwangusha mtu. ARV huzuia virusi kuzaana, na seli hizo hurudi.

Baadhi ya mambo makubwa ambayo dunia inayajua kuhusu kinga na VVU yalijulikana hapa hapa Eastlands, Majengo ya Pumwani. Katikati ya miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Canada, wakiwemo daktari Frank Plummer na muuguzi Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa, walifungua kliniki kwa wanawake waliofanya biashara ya ngono. Vipimo vya wakati huo viliwakuta karibu thuluthi mbili tayari wana virusi. Lakini wachache walirudi kliniki mwaka baada ya mwaka bila kuambukizwa, ingawa walikutana na virusi mara nyingi. Damu yao ilipochunguzwa, ilikuwa na seli T za kuua zinazovitambua VVU.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Baadhi yao waliacha kazi hiyo kwa muda, wakaenda mashambani au kuuza mboga. Waliporudi, wakaambukizwa. Inaonekana ulinzi wao ulidumu kwa kukumbushwa kila mara, na kumbukumbu ilipokosa kuamshwa ikafifia. Chanjo iliyobuniwa kwa kufuata seli hizo ilianza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001. Haikuamsha kinga ya kutosha. Mpaka leo hakuna chanjo ya VVU iliyoidhinishwa, lakini wanawake wa Majengo wamo katika kila hatua ya safari hiyo, na naona ni haki mtoto wa Eastlands asome hivyo shuleni.

Kinga inapomgeukia mwenyewe

Kuna magonjwa ambayo seli za kutuliza hushindwa na kinga humshambulia mwenye mwili. Ikishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, mtoto hupata kisukari cha aina ya kwanza: anakunywa maji bila kushiba, anakojoa kitandani baada ya kuacha kitambo, anakonda wiki kwa wiki. Huyu hahitaji mitishamba hata siku moja. Anahitaji insulini leo. Ikishambulia viungo, ni baridi yabisi ya aina inayovimbisha vidole vya mikono yote miwili na kuvikaza asubuhi.

Lupasi nataka tuikalie zaidi kwa sababu inawapotea watu. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa, na wanawake weusi huipata zaidi na kwa ukali zaidi. Kingamwili zao hushikamana na vitu vilivyo ndani ya seli zao wenyewe, kisha mabaki hayo hukwama kwenye figo, ngozi na viungo. Dalili zake huja kwa zamu, na kila moja ina jina la bei rahisi zaidi: homa inaitwa malaria, uchovu unaitwa taifodi, maumivu yanaitwa baridi ya Nairobi, nywele zinazokatika zinasingiziwa dawa ya saluni. Ikifika figo zimeharibika, miguu ikavimba, watu wa nyumbani wameanza kutaja jirani fulani kwa uchawi.

Nairobi ina mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 na malaria ya kuambukizwa hapa ni chache. Kwa hiyo mwanamke aliyetibiwa malaria mara tatu kwa mwaka bila kusafiri anastahili kuulizwa mengine. Mwambie daktari ukiona mambo haya yakija pamoja au kwa kupokezana:

- upele mashavuni unaovuka pua na kuzidi juani;
- viungo kuuma na kuvimba kwa wiki 6 au zaidi;
- vidonda vya mdomoni visivyouma, na nywele kukatika;
- mkojo wenye povu, au uso na miguu kuvimba;
- homa inayorudi ilhali kipimo cha malaria hakionyeshi kitu.

Lupasi haiponi kabisa, lakini hutulizwa. Dawa ya msingi, haidroksiklorokwini, ilianza maisha yake kama dawa ya malaria. Huo ndio ukweli wa pekee katika kuiita lupasi malaria.

Moshi haufundishi kitu

Turudi kwa mama wa pili. Jaa la Dandora lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, wakati ule ule nyumba za mradi wa Benki ya Dunia zilipokuwa zikianza kugawiwa. Kufikia 2001 lilikuwa limetangazwa kujaa. Taka hazikukoma. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri, mji huu huu, lilichapisha uchunguzi ulioongozwa na Njoroge Kimani. Watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa walipimwa. Nusu yao walikuwa na mikrogramu 10 au zaidi za madini ya risasi katika kila desilita ya damu. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha kutia hofu wakati huo. Leo Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe kuanzia 5, na linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Karibu nusu ya watoto hao walikuwa na maradhi ya njia za hewa.

Tazama moshi unavyofanya. Chembe zake nyembamba hupita kamasi na kufika kwenye vifuko vya mwisho vya pafu, ambako hakuna silia za kuzirudisha. Seli za kumeza huzimeza, lakini masizi hayameng'enyeki kama bakteria; seli inabaki imejaa kitu isichoweza kukimaliza, na bakteria wa nimonia akija inakuwa nzito kumshughulikia. Njiani silia zimepooza, kamasi imezidi, ukuta umechubuka. Na penye ukuta uliochubuka, hata vumbi la kawaida na kinyesi cha mende huingia ndani na kuamsha mzio. Risasi nayo huharibu ubongo unaokua, hupunguza damu, na huvuruga mizani ya seli T, ikizielekeza upande wa mzio.

Hakuna kumbukumbu inayojengeka hapo. Moshi hauna umbo ambalo seli B inaweza kulitengenezea kingamwili. Anayesema watoto wa Dandora wamezoea, hasa akiwa na mamlaka ya kuliondoa jaa lile, anasema jambo lisilo kweli, na watoto wanalilipia kwa mapafu yao. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lihamishwe ndani ya miezi 6.

Kifua kinachobana

Kikohozi kisichoisha si lazima kiwe pumu. Kinachozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu, hasa penye mtu mzima anayekohoa nyumbani. Lakini kikija usiku na alfajiri, kikizidi baada ya kukimbia, kikiwa na mluzi wakati wa kutoa pumzi, na kikiondoka na kurudi, fikiria pumu. Katika pumu, kingamwili za aina ya IgE zimejibandika kwenye seli zilizojaa histamini. Kichochezi kikigusa, seli hupasua mizigo yake, misuli ya njia za hewa hubana, ukuta huvimba, kamasi huziba. Hii ni kinga iliyokasirika. Haikupungua.

Katika miaka ya hivi karibuni, mradi wa Tupumue wa taasisi ya utafiti ya KEMRI na wenzao wa Liverpool ulilinganisha watoto zaidi ya 2,000 wa mtaa maskini wa Mukuru na wa mtaa wenye nafuu wa Buruburu. Wa Mukuru, palipo na moshi zaidi, walikuwa na dalili nyingi zaidi za kubanwa na kifua. Lakini waliowahi kuambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa wengi zaidi Buruburu. Yaani mtoto wa mtaa maskini anabanwa zaidi na anatambuliwa kidogo. Anapewa antibayotiki na dawa ya kikohozi ya chupa, kisha arudi mwezi ujao.

Tiba ni inhela mbili. Ya bluu hufungua njia wakati wa kubanwa. Ya kahawia hutuliza uvimbe polepole na ndiyo inayozuia shambulio lijalo. Wazazi wengi huiogopa inhela wakidhani mtoto "atazoea" na hataweza kuiacha. Haifanyi hivyo. Dawa inaenda moja kwa moja kwenye pafu, kwa kiasi kidogo sana kuliko kidonge au sindano.

Shida ni kwamba mtoto hawezi kuvuta sawasawa wakati ule ule inhela inapopuliza, na dawa huishia ulimini. Huhitaji kifaa cha bei. Mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi sawa na kifaa cha kununua kwa watoto wa miaka 5 na zaidi. Tumia chupa mpya ya maji ya kunywa. Ya jaani usiiguse. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ichuruzike yenyewe bila kuipangusa ndani, maana kupangusa hufanya dawa inate kwenye plastiki. Pasha waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela, toboa kitako cha chupa, usukume inhela iingie kwa kubana, pasivuje hewa. Mtoto afumbe midomo kwenye shingo ya chupa. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, apumue taratibu ndani na nje mara 5 au 6. Subiri kidogo, tikisa tena, ndipo ubonyeze ya pili. Aliye chini ya miaka 5 atahitaji barakoa ya kufunika pua na mdomo, iulizie kliniki.

Midomo ikigeuka rangi, mbavu zikizama kila anapovuta, au akishindwa kumaliza sentensi au kunyonya, mpulizie ile ya bluu njiani na mfike hospitali, Mama Lucy au yoyote iliyo karibu, hata kama ni saa nane za usiku. Ile ya kahawia aitumie kila siku kama alivyoandikiwa, hata wiki ambayo hajakohoa, na baada ya kila mpulizo asukutue mdomo kwa maji na kuyatema.